Kusoma uhusiano wa kimataifa chuo kikuu: namna ya kufanya kazi na azimio, kura na mkataba

Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayeishi kwa madesa (notisi za kurithishana) na taarifa ya habari anaweza kumaliza mwaka wa kwanza bila sup (mtihani wa marudio) hata moja. Mambo huharibika mwaka wa pili, pale mhadhiri anapoandika pembeni mwa kazi, "Hii umeitoa wapi?" na jibu halipo. Fani hii ina nadharia nyingi na maoni mengi zaidi, lakini alama za juu huenda kwa anayeweza kuonyesha aya, namba ya ibara au hesabu ya kura. Kazi hiyo ina hatua zake, na inajifunzika. Mifano mingi hapa imetoka Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima kwa yale anayoyajua tayari.

Kabla ya muhula wa kwanza

Kwa anayetoka kidato cha sita Tanzania, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya mchepuo wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kila programu huongeza masharti yake, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba, usitegemee wa kaka yako. HGL (historia, jiografia, Kiingereza), HGE (historia, jiografia, uchumi) na HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) ndiyo michepuo ya kawaida.

Ukishaingia, jambo la kuamua mapema ni kozi za hiari. Chukua takwimu hata kama hesabu ilikukimbiza sekondari: makala nyingi za majarida ya fani hii zina majedwali, na asiyeyaelewa hubaki kunakili hitimisho. Chukua pia uchumi wa mwaka wa kwanza, maana bila kujua urari wa malipo ni nini huwezi kuelewa mjadala wa madeni. Kifaransa ni cha tatu, na sababu yake itaonekana mbele.

Kusoma azimio moja mpaka liishe

Chukua azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 28 Machi 2013. Ndilo lililounda kikosi cha kujibu mashambulizi ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa mashariki, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza akitoka Tanzania. Litafute katika maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa kwa alama yake, S/RES/2098 (2013). Herufi S ni Baraza la Usalama. A ingekuwa Baraza Kuu. Ukizoea alama hizi utaacha kutafuta kwa maneno na kupoteza jioni nzima.

Usilisome kutoka juu kwenda chini kama gazeti. Fanya hivi:

1. Tafuta panapotajwa Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kwa kawaida ni mstari wa mwisho wa dibaji, juu kidogo ya aya yenye namba 1. Sura hiyo ndiyo inayofungua mlango wa vikwazo na matumizi ya nguvu. Hapa wengi huteleza kwa kuandika kwamba azimio lisilotaja Sura ya Saba halifungi nchi yoyote. Si kweli. Wajibu wa kutekeleza maamuzi ya Baraza unatoka Ibara ya 25, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza katika maoni yake ya ushauri kuhusu Namibia, Juni 1971, kwamba ibara hiyo haiishii kwenye Sura ya Saba.

2. Tenganisha dibaji na aya za utekelezaji. Aya za dibaji hazina namba. Zinakumbuka, zinasikitika, zinatambua. Aya za utekelezaji zina namba, na ndizo za kunukuu unapozungumzia wajibu. Dibaji nayo usiitupe, kwani siasa imelala humo: nani ametajwa kwa jina, nani ameachwa, mkataba gani umesifiwa.

3. Pigia mstari kitenzi kinachoanza kila aya yenye namba. Baraza linaamua, linaidhinisha, linadai, linahimiza, linaomba, linalaani. Mwanafunzi anayeandika "Baraza liliamuru" mahali ambapo Baraza lilihimiza tu ameshaharibu hoja yake, hata kama kurasa kumi zinazofuata ni nzuri.

4. Simama kwenye aya nzito zaidi. Katika azimio hili ni ya 9, na inafaa kuisoma neno kwa neno. Inasema MONUSCO itakuwa na kikosi hicho kwa kipindi cha awali cha mwaka mmoja, ndani ya ukomo wa askari 19,815 uliokwisha kuidhinishwa, kwa namna ya kipekee na bila kuweka mfano wa kufuatwa wala kuathiri kanuni zilizokubaliwa za ulinzi wa amani. Halafu inataja batalioni tatu za askari wa miguu, kombania moja ya mizinga, kombania moja ya makomando na upelelezi, na makao makuu Goma.

Kila kipande cha aya hiyo ni mapatano. "Ndani ya ukomo" maana yake idadi ya juu ya askari haikuongezwa, jambo linalowahusu sana wanaolipa bili. "Bila kuweka mfano" ni dawa ya kuwatuliza waliohofia kwamba walinda amani wanageuzwa kuwa upande mmoja wa vita, ilhali kanuni za kazi hiyo ni ridhaa ya wahusika, kutopendelea, na kutotumia nguvu isipokuwa kujilinda na kulinda jukumu walilopewa. Kwa hiyo anayeandika kwamba "Umoja wa Mataifa ulibadilisha falsafa yake ya ulinzi wa amani mwaka 2013" hakuisoma aya ya 9. Naye anayeishia kwenye aya hiyo amekosa nusu ya mambo: azimio 2147 la Machi 2014 liliongeza muda wa kikosi, na mengine yakafuata. Swali zuri la tasnifu limekaa hapo: jambo la kipekee linalorudiwa mwaka baada ya mwaka huacha lini kuwa la kipekee?

5. Rudi nyuma miezi sita. Waasi wa M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012. Nchi za Maziwa Makuu na za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zilikuwa zimeshaanza kuzungumzia kikosi cha kikanda kabla wazo hilo halijaletwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zilitia saini Addis Ababa mpango wa amani, usalama na ushirikiano kwa Kongo na kanda. Azimio bila mfuatano huu linaonekana kama limeshuka kutoka mbinguni.

6. Mwisho, kura na hotuba. Azimio lilipita kwa kauli moja. Sasa angalia nani walikuwa mezani: Rwanda ilikuwa mjumbe asiye wa kudumu mwaka 2013 na 2014, na ilipiga kura ya ndiyo. Pitia kumbukumbu ya kikao, ambayo alama yake huanza na S/PV, na usome maelezo ambayo wajumbe walitoa kabla na baada ya kura. Mara nyingi anayepiga kura ya ndiyo hueleza papo hapo mashaka yake, na hayo magazeti hayayaandiki.

Azimio la kwanza litakuchukua mchana mzima. Usijilaumu, la kumi utalimaliza kwa nusu saa. Kwa kila moja andika kadi moja ya mistari mitano: alama na tarehe, msingi wa kisheria, aya nzito, kura, na kilichobadilika ukilinganisha na azimio lililotangulia. Kadi 30 za namna hiyo mwishoni mwa mwaka zina thamani kuliko kurasa 300 za madesa.

Kuhesabu kura bila kujidanganya

Azimio ES-11/1 la Baraza Kuu kuhusu Ukraine, la tarehe 2 Machi 2022, lilipata kura 141 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 35 zilijizuia. Jumla ni 181, na wanachama ni 193. Wale 12 waliobaki hawakupiga kura kabisa; Ethiopia na Morocco zilikuwa miongoni mwao. Kujizuia ni msimamo uliotangazwa na kuandikwa. Kutoonekana kunaweza kuwa msimamo, au ada ambazo hazijalipwa, au balozi aliyetoka ukumbini makusudi. Usiyachanganye mawili haya katika safu moja ya jedwali.

Kosa la pili ni la hesabu. Azimio zito la Baraza Kuu linahitaji theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura, na kwa kanuni za Baraza anayejizuia hahesabiwi kuwa amepiga kura. Kwa hiyo kigawanyo ni 146, yaani 141 na 5, na theluthi mbili yake ni kura 98. Aliyegawanya kwa 193 akapata asilimia 73 amejibu swali jingine, la ukubwa wa uungaji mkono duniani. Swali hilo lina maana, ila liseme wazi.

Kwa nini suala lilifika Baraza Kuu? Tarehe 25 Februari Urusi ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Siku mbili baadaye Baraza hilohilo likapitisha azimio 2623 la kuitisha kikao cha dharura, kwa kura 11 za ndiyo, moja ya hapana na tatu za kujizuia. Urusi ilipinga, lakini haikuweza kulizuia, kwa kuwa uamuzi wa kuitisha kikao hicho ni wa utaratibu, na mambo ya utaratibu hayana turufu: kura tisa kati ya 15 zinatosha. Njia yenyewe imetoka katika azimio 377 la Baraza Kuu, la Novemba 1950. Hili huulizwa sana kwenye mitihani, na jibu lake ni hizo sentensi chache.

Sasa tengeneza jedwali la nchi zako. Tarehe 2 Machi, Kenya, Rwanda na Kongo zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Ukiishia hapo utaandika kwamba Kenya ilikuwa upande wa Magharibi. Ongeza safu moja tu, ya azimio ES-11/3 la 7 Aprili 2022, lililoisimamisha Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 93 dhidi ya 24, huku 58 wakijizuia. Mara hii Kenya ilijizuia, na Burundi ikasema hapana. Kura moja ni picha mgando. Anza kuzungumzia msimamo ukiwa na kura nne au tano za suala hilohilo.

Kutoka mada hadi swali

"Sera ya nje ya Tanzania" ni mada ya idara nzima, haiwezi kuwa swali la kurasa 15. "Kwa nini Tanzania ilijizuia tarehe 2 Machi 2022 wakati Kenya iliunga mkono?" ni swali. Lina tarehe, lina nchi mbili za kulinganisha, na lina jibu linaloweza kukataliwa na ushahidi.

Ukishapata swali, orodhesha maelezo matatu yanayowezekana, moja kwa kila ngazi: kiongozi na washauri wake, nchi na taasisi zake, mfumo wa dunia. Kisha yapige msasa kwa kulinganisha. Mtu atasema ngano. Lakini Kenya na Tanzania zote zilikuwa zikinunua ngano ya Urusi, na jambo lililopo pande zote mbili haliwezi peke yake kueleza kwa nini pande hizo zilitofautiana. Mwingine atasema kutofungamana na upande wowote. Sawa, ila Kenya nayo ni mwanachama wa vuguvugu la nchi zisizofungamana. Ndiyo kusema utafute kilichotofautiana: Kenya ilikuwa ndani ya Baraza la Usalama mwaka 2021 na 2022, na hotuba ya balozi wake ya Februari 2022 kuhusu mipaka ya kikoloni ilikuwa imeshasikika dunia nzima. Tanzania haikuwa na kiti hicho, wala haikuwa imejifunga hadharani namna hiyo. Haya bado hayathibitishi kitu. Yanakuonyesha tu pa kuchimba.

Andika pia, kabla ya kuanza kusoma, ni ushahidi gani ungekufanya uache maelezo unayoyapenda. Ukikosa hata mmoja, ulichonacho ni imani.

Nadharia

Hapa tutakwenda haraka, kwa sababu vitabu vya kozi vimejaa. Uhalisia unauliza nani ana nguvu na anaogopa nini. Uliberali unaangalia biashara, taasisi na siasa za ndani. Nadharia ya utegemezi inauliza nani anamfanyia nani kazi katika uchumi wa dunia. Ukonstraktivisti unauliza nchi inajiona kuwa nani. Kosa la kawaida ni kuandika kurasa sita za historia ya nadharia, kisha aya moja ya "matumizi" mwishoni. Geuza: weka tukio kwanza, na nadharia iitwe pale tukio linapogoma kueleweka.

Tukio linalogoma vizuri ni Biafra, eneo lililojitangaza kujitenga na Nigeria. Julai 1964, mjini Cairo, OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na Nyerere alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, yaani kuunga mkono kuvunjwa kwa mpaka wa Nigeria. Faida gani ya kimkakati ilipatikana? Ni vigumu kuiona, na uhalisia hapo hukwama. Ukonstraktivisti una la kusema kuhusu kanuni na utu, lakini unalazimika kueleza kwa nini kanuni moja iliishinda nyingine mwaka ule. Jaribu nadharia mbili juu ya tukio hili kwa kurasa nne na utajua kama umezielewa.

Mkataba una tarehe zaidi ya moja

Kongo ilijiunga lini na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Wakuu wa nchi waliikubali tarehe 29 Machi 2022. Hati ya kujiunga ilitiwa saini Nairobi tarehe 8 Aprili. Uanachama kamili ulianza 11 Julai, baada ya Kongo kuwasilisha hati za uridhiaji. Tarehe zote tatu ni sahihi kwa maswali matatu tofauti, na kazi yako itaje unazungumzia ipi. Mkataba wa Jumuiya yenyewe ulitiwa saini 30 Novemba 1999 na kuanza kufanya kazi 7 Julai 2000.

Kinachofanyika ndani ya nchi hutofautiana. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63(3), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Mwanafunzi asiyejua tofauti hii hawezi kueleza mkataba wa ubia wa uchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya: Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa na Bunge lake likaunga mkono kukataa, na hatimaye Kenya ikapata mkataba wake peke yake, uliotiwa saini Desemba 2023 na kuanza 1 Julai 2024.

Angalia pia kama nchi iliweka masharti ilipojiunga na mkataba. Orodha hizo zipo katika mkusanyiko wa mikataba wa Umoja wa Mataifa, chini ya jina la kila mkataba. Huchukua dakika mbili, na wengi hawafanyi.

Lugha na rejea

Hati za Umoja wa Mataifa hutoka katika lugha sita, na Kiswahili hakimo. Idhaa yake ya Kiswahili ni nzuri kwa kujifunza istilahi, lakini usiinukuu kama azimio. Tengeneza daftari la safu mbili, Kiswahili na lugha ya mtihani, na lijaze kila wiki. Kifaransa kinaingia hapa: ukitafiti Kongo au Burundi kwa Kiingereza pekee, utasikia serikali na waasi kupitia midomo ya watu wengine. Sheria, taarifa za wizara na magazeti ya Kinshasa na Bujumbura ni ya Kifaransa kwa sehemu kubwa.

Katika rejea, andika alama ya hati, tarehe na namba ya aya. "Umoja wa Mataifa, 2013" haimsaidii msahihishaji. Na kama umetumia programu ya akili bandia kutafuta vyanzo, fungua kila hati kwa mkono wako kabla ya kuitaja. Programu hizo hubuni namba za maazimio zinazofanana kabisa na za kweli, na jopo la utetezi wa tasnifu huanza kwa kubofya hapohapo.

Mafunzo kwa vitendo

Arusha pekee kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama yake, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mashauri ya mahakama hizi kwa kawaida husikilizwa hadharani, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuhudhuria bila barua ya mjomba. Uliza masjala ratiba ya vikao na ubebe kitambulisho.

Mafunzo katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayalipi posho. Nauli, chumba na bima ni juu yako, jambo la kupiga hesabu kabla ya kuomba nafasi ya New York. Nairobi, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri, gharama hupungua sana kwa anayetoka Afrika Mashariki. Mpango wa Sekretarieti wa kuajiri wataalamu vijana una ukomo wa umri wa miaka 32 na hupokea raia wa nchi zilizo kwenye orodha ya mwaka huo tu. Angalia orodha hiyo kwanza, kabla hujaanza kuandika maombi.